Mzee wa kanisa akianguka kwa tamaa ya fedha tumfanye nini? Polikarpo aliwajibu Wafilipi, sisi Dar tunajibuje?

#1 Mkazi wa Tabata

Wakuu, salamu.

Kuna jambo linanikera muda mrefu, nalileta kwa wanaopenda kulifikiria kanisa. Kizazi kilichowafuata mitume kilirithi makanisa yenye matatizo yale yale tuliyo nayo sisi. Mojawapo ya makanisa hayo ni la Filipi, ule mji wa Lidia na mlinzi wa gereza katika Matendo 16, kanisa ambalo Paulo alilisifu kuwa ndilo pekee lililoshirikiana naye katika kutoa na kupokea (Wafilipi 4:15). Baadaye, mwanzoni mwa karne ya pili, Polikarpo askofu wa Smirna anawaandikia waraka. Sura ya 11 anamtaja kwa jina mzee wao mmoja, Valens, pamoja na mkewe. Kosa lao lilihusu tamaa ya fedha.

Kilichonigusa ni jinsi anavyolishughulikia. Hafichi. Anasema amehuzunika sana kwa ajili ya Valens, anauliza mtu asiyeweza kujitawala katika mambo haya atamfundishaje mwenzake, halafu anawaombea wote wawili toba ya kweli. Kisha anawageukia waumini: nanyi muwe na kiasi katika jambo hili, msiwahesabu watu hao kuwa adui, bali warudisheni kama viungo vinavyougua na kupotea, ili mwili wote upone.

Sasa tazameni kwetu. Mimi nimeona njia mbili tu. Ya kwanza, tunafunika: "tusimwaibishe mtumishi wa Bwana", mtu anahamishwa kimyakimya na hesabu hazisomwi tena. Ya pili, tunamchinja: picha yake inazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, mke anakwepwa sokoni, watoto hawaonekani tena shule ya Jumapili. Hoja yangu ni kwamba waraka huu una njia ya tatu, kusema ukweli mbele ya wote bila kumtupa mtu. Kwa nini imetushinda?

#2 Kijana wa Mbagala

Nimechukua siti ya mbele. Uzi wa maana huu.

#3 Mama Jumuiya

Mleta uzi, hiyo njia ya tatu sisi Walutheri tunayo, inaitwa kurudi kundini. Mtu anatengwa na Meza ya Bwana kwa muda, anafundishwa, halafu siku moja anaitwa mbele ya usharika, anaombewa, anarudi. Kwa maandishi ni Polikarpo mtupu.

Tatizo ni nani anayeipitia. Mimi nimekaa kwenye yale mabenchi miaka mingi. Waliosimama pale mbele ni mabinti waliopata mimba kabla ya ndoa, na wanandoa walioishi bila kufunga ndoa ya kanisani. Namkumbuka binti mmoja wa kwaya, kajifunga kitenge mabegani, kashika kitabu cha nyimbo kwa mikono miwili, anatazama sakafu muda wote mchungaji anasoma. Kijana aliyempa mimba alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na mlango, na hakuna aliyemwita.

Mweka hazina sijawahi kumwona pale mbele. Hata mmoja. Si kwamba njia hatuna, tunayo kwa ajili ya wanyonge.

#4 Dada wa Kwaya

Mama Jumuiya umesema kitu kizito. Nakazia hapa.

#5 Msomaji wa Usiku

Hoja ya #1 naikubali kwa sehemu, ila tuwe waangalifu na ushahidi. Waraka una sura 14. Maandishi ya Kiyunani yaliyotufikia yanaishia sura ya 9, na ya 13 tunayo karibu yote kwa sababu Eusebi, mwanahistoria wa kanisa la kale, aliinukuu. Sura ya Valens imetufikia kwa Kilatini tu.

La pili, Polikarpo hasemi Valens aliiba. Anasema amehuzunika, kisha anawaonya watu wakae mbali na tamaa ya fedha. Inawezekana alichukua sadaka. Inawezekana pia alifanya biashara isiyofaa, au alipokea zawadi ili ampendelee mtu kwenye shauri, kwa sababu sura ya 6 inawaonya wazee dhidi ya upendeleo na hukumu isiyo ya haki. Tusimfungulie Valens kesi ambayo mwandishi mwenyewe hakuifungua.

#6 Mpanda Mwendokasi

Mkuu Msomaji, hapo umemtetea Valens kuliko wakili wake.

Kama ilikuwa biashara zake binafsi, kwa nini kanisa zima liandikiwe? Na mke anaingiaje? Mimi nikisoma mume na mke pamoja, halafu fedha, halafu kanisa, akili inakwenda Matendo 5 moja kwa moja, Anania na Safira waliouza kiwanja wakazuia sehemu ya thamani. Nadhani Valens na mkewe walitangaza wametoa kitu wakabaki nacho, au walishika mfuko wa wajane.

#7 Msomaji wa Usiku

Unadhani. Hilo ndilo neno.

#8 Mhasibu Mstaafu

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Mnabishana Valens alifanya nini. Mimi nataka kujua nani alikuwa anahesabu naye. Nimekaa kwenye kamati za fedha za kanisa tangu nikiwa kazini mpaka nimestaafu, nawaeleza kinavyokwenda.

Ibada ikiisha vikapu vinaingia ofisini. Noti za elfu moja zimekunjwa kama vidonge na zina jasho, za elfu kumi ziko ndani ya bahasha za ahadi, sarafu za mia mbili zinamiminwa mezani zinapangwa kumi kumi. Utaratibu unataka watu watatu wahesabu, wasaini daftari, na hela iende benki Jumatatu asubuhi. Jumapili ya kwanza wanakuja watatu. Baada ya miezi michache mmoja ana msiba, mwingine anawahi daladala ya Gongo la Mboto, anabaki mmoja, na wenzake wanasaini Jumapili inayofuata bila kuona hata noti. Hela inalala nyumbani kwake. Mtoto wake anarudishwa shule kwa ada, anakopa "kidogo tu, nitarudisha mwisho wa mwezi". Huo ndio mwanzo, na nimeuona kwa watu waliokuwa wanafunga na kusali kuliko mimi.

Siku hizi kuna lipa namba, ile namba ya kulipia kwa simu. Jiulize ya kanisa lenu imesajiliwa kwa jina la nani. Kuna makanisa hapa mjini ukilipa, ujumbe unaorudi una jina la mtu binafsi, na waumini wanasema amina.

Paulo alilijua hili. Alipokusanya mchango wa Yerusalemu hakuubeba peke yake, alitaka wajumbe waliochaguliwa na makanisa waende nao, ili mtu asije akawalaumu (2 Wakorintho 8:19-21). Huyo ni mtume. Sisi tunasema kumhesabia mzee wa kanisa ni kukosa imani.

#9 Kijana wa Mbagala

Hapo kwenye kusaini Jumapili inayofuata mzee wangu umetuvua nguo wengi.

#10 Kigamboni Feri

Kwa faida ya wasiomjua, Polikarpo alikuwa mwanafunzi wa mtume Yohana, akauawa na Nero akiwa na miaka 86. Smirna iko Ugiriki.

#11 Msomaji wa Usiku

Marekebisho, Kigamboni. Kaisari Nero alikufa mwaka 68, Polikarpo aliuawa miaka mingi baadaye, wengi wanaweka karibu na mwaka 155 au 156. Na 86 ni miaka aliyosema amemtumikia Kristo, alipoambiwa amtukane aachiwe. Umri wake haukuwa chini ya hapo. Smirna leo ni Izmir, iko Uturuki. Filipi ndiyo iko Ugiriki, kaskazini, na magofu yake yaliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2016.

Kuhusu Yohana uko sawa, Irenei, askofu wa karne ya pili ambaye alipokuwa kijana alimwona Polikarpo, ndivyo anavyosema.

#12 Kigamboni Feri

Asante mkuu.

#13 Mlinzi wa Lango

Naona wote mmeelekea upande mmoja. Ngoja niwe upande wa pili, kwa sababu nimeuona ubaya wa hiyo "kusema mbele ya wote".

Katika kanisa moja, sitalitaja, mzee mmoja wa makamo alikuwa mweka hazina wa ujenzi. Zege la msingi likasimama, watu wakauliza hela iko wapi, stakabadhi za benki za miezi kadhaa hazikuonekana. Jumapili moja mtu akasimama wakati wa matangazo akamtaja. Mzee alijaribu kujieleza, watu wakaguna, akakaa. Hakurudi tena pale. Wakati wa kuhamisha ofisi, zile stakabadhi zilikutwa nyuma ya droo ya kabati la chuma, zimeganda kwa unyevu, zote zimetimia. Kilichokuwa kimekwisha ni hela yenyewe, maana saruji na nondo zilipanda bei kuliko bajeti. Barua ya kumwomba radhi iliandikwa. Haikusomwa kwenye matangazo.

Sura ya 6 ya waraka huo huo inawaambia wazee wasiwe wepesi kuamini ubaya wa mtu. Paulo naye anamwambia Timotheo asikubali mashitaka juu ya mzee ila kwa vinywa vya mashahidi wawili watatu (1 Timotheo 5:19). Na imeandikwa msiwaguse masihi wangu. Kabla hatujafika sura ya 11 tupitie ya 6.

#14 Mpanda Mwendokasi

Mlinzi, kisa chako kinauma. Ila hicho kinaonyesha kanisa lililofanya haraka, hakionyeshi kwamba ukweli usisemwe. Hata kosa lao wenyewe walilificha, wakaogopa kusoma barua ya radhi.

#15 Mkazi wa Tabata

Mlinzi wa Lango, sura ya 6 naipokea kwa mikono miwili. Sikuiweka mwanzo, na inapaswa kutangulia kweli.

Lakini Zaburi 105:15, ile ya "msiwaguse masihi wangu", tuiache mahali pake. Pale Mungu anawaonya wafalme wasiwadhuru Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache nchini. Haimkingi mtu asisomewe hesabu. Na ukisoma 1 Timotheo 5:19 endelea na wa 20: "Wale wadumuo kutenda dhambi uwakemee mbele ya wote, ili na wengine waogope." Paulo aliweka ulinzi na uwazi bega kwa bega. Sisi wa kwanza tunaupigia mstari, wa pili tunaufunika kidole.

#16 Kijana wa Mbagala

Mnaongelea makanisa yenye kamati. Huku kwetu kuna mtumishi, ana maji ya upako elfu kumi, mafuta elfu ishirini, kuonana naye uso kwa uso bei yake nyingine. Mama yangu mkubwa aliuza cherehani. Waraka wa Didake unasema nabii akiomba hela ni nabii wa uongo. Mwisho wa habari.

#17 Msomaji wa Usiku

Didake si waraka, ni mwongozo wa mafundisho na taratibu za kanisa la mwanzo. Ila ulichonukuu kipo, sura ya 11. Mtume, yaani mhubiri anayesafiri, apokewe, akae siku moja, ikibidi ya pili, akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha alalapo, akidai fedha ni wa uongo. Anayeagiza wapewe wahitaji wengine, huyo asihukumiwe.

Pole kwa mama mkubwa.

#18 Dada wa Kwaya

Elfu kumi kwa maji? Kijana, mchukue mama mkubwa aje kwaya yetu, huku maji ni ya bomba na uimbaji ni bure.

Turudi kwa Valens. Mimi nina swali moja, alirudisha? Zakayo hakuambiwa na mtu, alisimama mwenyewe akasema nikimdhulumu mtu namrudishia mara nne (Luka 19:8). Polikarpo anaomba toba ya kweli lakini hasemi lolote kuhusu kurudisha. Kwangu toba bila kurudisha ni maneno. Mjane aliyetoa hela ya vitumbua vyake anarudishiwa nini, machozi ya mzee?

#19 Binti wa Sinza

Nimesoma toka #1 kimya. Niseme sasa.

Baba yangu ndiye Valens wenu. Alichukua, na alikiri. Sisi watoto tuliambiwa baada ya kikao. Aliuza kiwanja cha Chanika alichokuwa anategemea kutujengea, akalipa kila kitu, akapewa risiti. Naijua hiyo risiti, ya kitabu, ina mhuri wa kanisa wa wino wa zambarau, mama anaihifadhi ndani ya Biblia.

Alipolipa aliomba asimame mbele ya watu aseme mwenyewe. Wakakataa, wakamwambia ataharibu jina la kanisa na watu wataacha kutoa. Kwa hiyo habari ikatembea bila yeye, kila aliyeisimulia akaongeza sifuri. Mama alikuwa mwenyekiti wa akina mama. Hakuitwa kwenye kikao chochote na hakuulizwa chochote, alikuta tu kitenge cha sare mpya kimegawiwa na jina lake halimo.

Mama mmoja tu wa jumuiya aliendelea kuja nyumbani. Hakuja na mahubiri. Alikuwa anakaa jikoni na mama wanachambua mchicha, wanaongea habari za watoto, akiondoka wanasali. Nikisoma hilo la viungo vinavyougua namwona yeye.

Baba sasa anasali chumbani. Dada wa Kwaya umeuliza kama Valens alirudisha. Baba alirudisha. Yeye ndiye hakurudishwa.

#20 Mkazi wa Tabata

Binti wa Sinza, pole sana. Asante kwa kutuamini.

#21 Dada wa Kwaya

Pole mdogo wangu.

#22 Mama Jumuiya

Mwanangu, mpe mama salamu zangu ingawa hanijui.

Hilo la mke limenifanya nirudi kwenye sura. Polikarpo anamtaja mke ndani ya huzuni yake na ndani ya maombi yake, hamtaji pembeni. Sisi adhabu tunampa pamoja na mumewe, ila kurejeshwa hatumkumbuki. Na sura ya 4 anawaita wajane madhabahu ya Mungu. Nikikumbuka hilo naona uzito wa swali la Dada wa Kwaya kuhusu mjane: anayeiba mfuko wa wajane ameigusa madhabahu yenyewe. Na kanisa linalomtenga mke asiye na hatia nalo limegusa pabaya.

Kuhusu "watu wataacha kutoa": mimi nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Tunaogopea kapu.

#23 Mpanda Mwendokasi

Sababu nyingine msiisahau, mishahara. Makanisa mengi madogo mchungaji hana posho ya kueleweka, ana watoto, ana kodi ya nyumba Kimara, na kila siku anazika, anatembelea wagonjwa Muhimbili kwa nauli yake. Halafu tunamkabidhi fedha za jengo. Paulo alisema wazee watawalao vema wapate heshima maradufu, na mtenda kazi astahili ujira wake (1 Timotheo 5:17-18). Hatuwalipi, tunawategea.

#24 Mhasibu Mstaafu

Mwanangu, wachungaji walipwe, hilo sina ubishi. Ila sikubali kuwa njaa ndiyo sababu. Katika niliyoyashuhudia, waliochukua wengi walikuwa na kazi nzuri na gari. Wafagiaji wa kanisa letu walikuwa wanaokota noti chini ya mabenchi wanazileta ofisini. Umaskini usibebeshwe mzigo usio wake.

#25 Jirani wa Goba

Mnaotaja posho na hesabu, nyote mnazunguka muundo. Filipi walikuwa na wazee, wengi. Polikarpo anapowaandikia hamtaji askofu wao, anawataja wazee na mashemasi, na anaongea na kanisa zima. Yeye mwenyewe anajitambulisha pamoja na wazee walio naye. Mzee mmoja akianguka kuna wenzake wa kumshika mkono.

Sasa chukua kanisa la mtu mmoja. Yeye ndiye mwanzilishi na askofu, mkewe ndiye mweka hazina, shemeji ndiye katibu. Akianguka nani amshike? Na nani kutoka nje amwandikie waraka ausome? Kwa sheria, kanisa linasajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, au wadhamini wake wanasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na lina katiba. Ulizeni waumini kumi wa kanisa lenu nani ameisoma hiyo katiba.

#26 Mlinzi wa Lango

Jirani, hata yenye kamati kubwa yana wizi. Tusiwaonee waanzilishi, wapo waaminifu.

#27 Jirani wa Goba

Wapo. Nawaombea wapate wenzao wa kuwahesabia.

#28 Msomaji wa Usiku

Niongeze jambo ambalo hamjaligusa. Polikarpo huyu mpole kwa Valens si mpole kwa kila mtu. Sura ya 7, anayepotosha maneno ya Bwana kwa tamaa zake na kukana ufufuo na hukumu anamwita mzaliwa wa kwanza wa Shetani. Irenei anasimulia kwamba Marcion, mwalimu aliyehesabiwa mzushi, alipomuuliza kama anamtambua, alimjibu kwa maneno hayo hayo.

Na huyo Marcion ana habari yake ya fedha. Alipojiunga na kanisa la Roma alitoa sesterti 200,000, fedha ya Kirumi, kiasi kikubwa mno. Karibu na mwaka 144 wakamfukuza kwa mafundisho yake, na Tertuliano, mwandishi wa kanisa la kale, anasema walimrudishia hela yake yote.

Kwa hiyo kwa Polikarpo mwenye tamaa ni mgonjwa, mpotoshaji ni adui. Tukikopa upole wa sura ya 11 tujue una mpaka. Kijana wa #16, muuza maji ya upako angewekwa wapi? Mimi nadhani sura ya 7.

#29 Kijana wa Mbagala

Roma walirudisha hela! Hiyo naipeleka kwa mama mkubwa leo leo.

#30 Dada wa Kwaya

Msomaji, hilo linanisumbua badala ya kunituliza. Kwa nini mzee mwenzake aitwe mgonjwa na mwingine aitwe wa Shetani? Isije ikawa wazee walikuwa wanalindana toka enzi hizo. Sisi tunalijua hilo: binti wa kwaya wa #3 alisimamishwa mbele ya watu, mweka hazina akaombewa faragha.

#31 Mkazi wa Tabata

Dada, kama angekuwa anamlinda asingemwandika jina kwenye waraka utakaosomwa hadharani mji mwingine. Sisi tunaujua leo kwa sababu hiyo hiyo. Ila mpaka wenyewe nakubali unahitaji kujadiliwa, maana mwenye tamaa akipewa mimbari hupotosha pia.

#32 Mlinzi wa Lango

Na bado hatujasema arudishwe wapi. Polikarpo anasema arudishwe kama kiungo. Kwenye Meza ya Bwana, sawa, hata kesho. Kwenye kiti cha uzee? Hapana. Paulo anataka kiongozi asiyelaumika, asiyependa fedha (1 Timotheo 3:2-3). Mtu anaweza kusamehewa na asishike tena funguo.

#33 Mpanda Mwendokasi

Petro alikana mara tatu akaambiwa "Lisha kondoo zangu". Hakuambiwa akae benchi la nyuma.

#34 Mlinzi wa Lango

Petro hakuwa mshika mfuko. Aliyekuwa nao ni Yuda, na Yohana 12:6 inasema alikuwa akivichukua vilivyotiwa humo.

#35 Mama Jumuiya

Na Bwana alikula naye mpaka usiku wa mwisho. Hapo mimi huwa nashindwa kuendelea.

#36 Binti wa Sinza

Baba hataki kiti. Hajawahi kukitaka. Anataka tu siku ya Ekaristi aitwe kama watu wengine.

Mlinzi, ile barua ya radhi ya mzee wako, isomwe. Hata kama mwenyewe hayupo. Nani ana nakala?

#37 Mlinzi wa Lango

Ipo kwenye faili la ofisi. Mdogo wangu, nimekusikia. Nitauliza kikaoni, na mzee mwenyewe nitamfuata kwake Kitunda nimuulize kama anataka isomwe.

#38 Kijana wa Mbagala

Mzee Mhasibu, sisi vijana tuna mfuko wa kambi, lipa namba iko kwa jina langu kwa sababu nilikuwa na kitambulisho siku ile. Nifanyeje kabla sijawa Valens?

#39 Mhasibu Mstaafu

Nimeipenda hiyo. Kamati iandike muhtasari wa kufungua akaunti ya kikundi benki, watia saini watatu, na hela isitoke bila wawili kati yao. Muhtasari na barua ya kanisa mpeleke kwa mtoa huduma, muombe namba kwa jina la kikundi. Mpaka hapo chapa taarifa ya miamala kila mwezi, ibandike kwenye ubao wa matangazo, hata kama ina elfu tano tu. Na wewe usihesabu peke yako, hata siku ya mvua.

#40 Msomaji wa Usiku

Ushauri safi. Ila Mpanda Mwendokasi, bado hujanionyesha mstari unaosema Valens aliiba.

#41 Mpanda Mwendokasi

Nimefika kituo cha Gerezani, nashuka. Nikifika nyumbani naifungua tena sura ya 11 na ya 12, usilale.

#42 Jirani wa Goba

Mkiifungua, tazameni na sura ya 5 alivyowataka mashemasi wasiwe wapenda fedha. Huko nadhani alikuwa ameshaanza kumsema Valens kabla hajamtaja.